Pumziko la mzazi lipangwe zamu, kama maji ya Ndungu

Wadau, kila nikifungua simu siku hizi nakutana na mtu ananifundisha namna ya kupunguza msongo wa mawazo. Vuta pumzi ndefu. Kunywa maji mengi. Amka saa kumi alfajiri kabla watoto hawajaamka, ukae kimya peke yako dakika ishirini. Nenda ufukweni mwisho wa wiki. Jipende. Nasoma, natikisa kichwa, halafu najiuliza swali ambalo washauri hawa wote wanalikwepa: hizo dakika ishirini, mtoto anashikwa na nani?

Mimi ni mwandishi wa habari na ni mama wa watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la pili, mdogo bado tunagombana naye juu ya poti. Kazi yangu haina saa ya kuanza wala ya kumaliza, maana habari haisubiri mtoto amalize uji. Najua wengi wenu mnaosoma hapa mko hivyo hivyo. Mnatoka Mbagala au Kimara kukiwa giza, mnarudi kukiwa giza, na katikati mnajibu ujumbe wa mwalimu, wa bosi na wa kikundi cha harusi ya binamu. Mtu wa namna hii ukimwambia avute pumzi ndefu, atavuta. Akimaliza kuvuta, vyombo bado vipo kwenye sinki na sare ya shule bado haijafuliwa.

Hoja yangu leo ni fupi. Mzazi wa mjini anajua sana kupumzika, mpe tu nafasi uone. Anachokosa ni mtu wa kumpokea mzigo kwa saa zinazojulikana. Na hilo halinunuliwi saluni wala ufukweni. Linapangwa, na kwa Kiswahili chetu kuna neno lake la siku nyingi: zamu.

Neno hili nimelifikiria sana mwezi uliopita nilipokuwa nyumbani, Ndungu. Kwa msiopajua, ukitoka Same mjini ukashika barabara ya Kisiwani, milima ya Upare inakuwa kulia kwako na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi kushoto. Unapita Maore, kisha unaingia Ndungu. Juu milimani kuna baridi na watu wanalima tangawizi. Sisi wa chini tuna joto, na tuna mpunga. Skimu yetu ya umwagiliaji ilijengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo maisha ya Ndungu yanakwenda kwa ratiba ya maji. Ukitaka kujua mtu yuko wapi, unauliza kwanza maji yako upande gani.

Wapare na zamu ya maji ni watu waliozoeana kabla hata ya Mjapani kuja. Kuna kitu kinaitwa ndiva, bwawa dogo la kuhifadhi maji ya mfereji. Usiku, watu wakiwa wamelala, maji yanajaa ndani ya ndiva. Asubuhi inafunguliwa, na maji yanakwenda kwenye mashamba kwa zamu. Nenda upande wa pili wa milima, pale Bangalala, utaikuta ndiva ya Manoo ikifanya kazi hiyo. Mfereji ukijaa tope, linapigwa msaragambo: watu wanatoka na majembe, wanazibua kwa pamoja. Asiyetokea anatozwa faini. Nyie mnaotutania kwamba Mpare anaweza kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, basi jaribuni kumwibia zamu yake ya maji muone kesi yenyewe.

Tazama jinsi mpango ule ulivyo. Zamu inajulikana mapema. Mwenye zamu haombi maji kama hisani, na akimaliza kumwagilia hamshukuru jirani kana kwamba amesaidiwa. Maji ni haki yake kwa saa zile. Saa zikiisha anaziba, anamwachia mwenzake. Anayefungulia maji ya mwenzake anajulikana ni mwizi.

Sasa ingia ndani ya nyumba, hizo hizo za Ndungu, na za kwetu Dar es Salaam pia, uulize: pumziko linagawanywaje? Hapo zamu huikuti. Pumziko huko ndani ni la mwenye kuwahi na mwenye sauti.

Jioni moja nilitembea barabarani kwetu na watoto wangu, nikawa naangalia watu wanavyopumzika. Wanaume wapo chini ya mti, bao linachezwa, wengine drafti. Mbele kidogo kuna banda la kuonyeshea mpira, limejaa. Hakuna aliyemwuliza yeyote pale amekaa kwa sababu gani. Pumziko la mwanaume lina mahali pake, lina saa zake, na mke akiulizwa mumeo yuko wapi anajibu bila kusita, yuko kwenye bao.

Nikatafuta wanawake wanaopumzika. Nikawakuta, ila wote walikuwa na kisingizio. Mmoja alikuwa anasukwa nywele, mtoto amelala mapajani. Wawili walikuwa kibarazani wanachambua mchele huku wanapiga soga. Wengine walikuwa kwenye kikao cha kikoba, na kikao kiliisha mapema kuliko walivyoondoka. Nikagundua kwamba kwa mama, kukaa tu bila kitu mkononi ni jambo la kujieleza. Lazima pumziko livishwe nguo ya kazi: mazoezi ya kwaya, kikoba, msiba, kusuka. Hata kwenye msiba, mama zetu wanakaa mikekani wakicheka taratibu baada ya mazishi, na ukweli ni kwamba kwa wengine hizo ndizo siku tatu pekee za mwaka ambazo hakuna aliyewauliza chakula kiko wapi. Nilimuuliza mama mmoja, ni rika la mama yangu, nikamwamkia kwanza kama inavyotakiwa, kwamba yeye anapumzika lini. Alicheka mpaka akashika kiuno. Akaniambia atapumzika mpunga ukishavunwa. Baadaye nikakumbuka kwamba kwenye skimu, mpunga ukishavunwa kinachofuata ni kuandaa kitalu.

Nasema haya ili nisije nikaeleweka kwamba kijijini ni peponi. Msimu wa kuamia ndege, mama anaweza kuwa jarubani tangu alfajiri anapiga kelele kufukuza kwelea kwelea, mtoto mgongoni. Kule pia watu wanachoka, na watoto wanachapwa kwa sababu mtu mzima amechoka. Tukubaliane juu ya hili kabla hatujaendelea, maana ndilo linalonifanya niandike: mzazi asipopata pumziko, bili inapelekwa kwa mtoto. Kofi linalompata mtoto saa mbili usiku kwa kumwaga chai, mara nyingi halihusiani na chai. Linahusiana na foleni, na mshahara, na usiku wa tatu mama hajalala. Mtoto hajui hayo. Yeye anajua alimwaga chai na akapigwa, na anajifunza kwamba mama ni mtu wa kuogopwa jioni. Ndiyo maana simuelewi mtu anayesema habari za mapumziko ya wazazi ni mambo ya Kizungu.

Kuna utaratibu mmoja wa kupumzika ambao kwetu unafanya kazi kweli, nao ni Sabato. Waadventista Wasabato waliingia Upare wa Kusini mwaka 1903, wamisionari wa Kijerumani wakaanzia Giti kule Mamba, na mpaka leo ukifika maeneo yetu Ijumaa jioni utaona tofauti. Jua likizama, jembe linawekwa chini mpaka jua la Jumamosi lizame. Siandiki haya kuhubiri. Ndungu ina Walutheri na ina Waislamu, na kila mmoja ana siku yake. Ninachokipenda kwenye Sabato ni mipaka yake. Hakuna anayeomba ruhusa ya kuacha kulima. Hakuna anayeonekana mvivu. Jirani hawezi kuja kukuvizia na kibarua cha dakika tano tu. Saa zinajulikana na kila mtu, na kwa sababu zinajulikana, moyo unatulia. Kupumzika huku unasubiri kuitwa, jamani, huko si kupumzika.

Lakini hata hapo, angalia Ijumaa. Ijumaa ni siku ya maandalizi. Makande yanachemshwa, chakula chetu Wapare, kinachokaa jikoni masaa na kesho yake kinaliwa bila kupika upya. Nguo zinapigwa pasi, watoto wanaogeshwa, maji yanachotwa ya siku mbili. Nani anafanya? Kwa nyumba nyingi nilizozijua utotoni, ni mama na binti zake. Kwa hiyo siku ya mapumziko ya familia nzima inaanza na siku ya kazi maradufu ya mtu mmoja. Hapo ndipo ninapoona kwamba kuwa na siku ya kupumzika hakutoshi. Lazima pia kuwe na zamu ya kuiandaa.

Wataalamu nao wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka uchovu uliokithiri kwenye orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, lakini likaufunga kwenye kazi ya ajira peke yake. Uchovu wa malezi haukuingia. Watafiti wawili wa Ubelgiji, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, wamekuwa wakiuchunguza huo wa malezi kwa miaka mingi. Mwaka 2021 wao na wenzao walitoa utafiti wa nchi 42, wazazi zaidi ya 17,000. Walichokikuta ni kwamba utamaduni wa kila mtu na lake una uhusiano mkubwa zaidi na uchovu wa wazazi kuliko hata tofauti za kiuchumi kati ya nchi, kuliko idadi ya watoto, kuliko saa ambazo mzazi anakaa nao. Soma tena hiyo sentensi. Watoto wanne wanaolelewa na mikono sita wanaweza kuwa mzigo mwepesi kuliko mmoja anayelelewa na mikono miwili.

Na sisi wa mjini tumefanya nini na mikono? Tumeipunguza mpaka imebaki ya mtu mmoja, dada wa kazi. Wengi wetu pumziko letu lote limesimama juu ya binti wa miaka kumi na minane au ishirini aliyetoka Iringa, Singida, au huko huko Upare. Yeye anaamka wa kwanza, analala wa mwisho. Tukienda kula nyama choma Jumapili tunamchukua, ila tunamchukua amshike mtoto. Halafu tunashangaa anaondoka bila kuaga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 kila wiki. Yule binti ni mfanyakazi. Ukimnyima hizo saa, wewe hupumziki. Umefungulia maji ya mwenzako.

Sheria hiyo hiyo inanifanya nicheke na kulia inapofika kwa akina baba. Mama aliyejifungua anapata likizo ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hapo angalau. Baba anapewa siku tatu, azichukue ndani ya wiki ya kwanza. Siku tatu! Hata kitovu cha mtoto hakijadondoka, baba amesharudi ofisini. Halafu baada ya miaka mitano tunamlaumu kwamba hajui dawa ya homa inakaa kabati gani. Mtu ambaye hukumpangia zamu tangu mwanzo, ataijulia wapi?

Wazee wetu walijua kupanga, angalau kwa siku arobaini. Mama mzazi alipikiwa, aliogeshewa mtoto, alilazimishwa kulala. Bibi alihamia pale na kanga zake na amri zake. Hakuna aliyesema mama yule anajidekeza. Swali langu ni dogo: kama tuliamini kwamba mzazi wa mtoto wa siku kumi anahitaji mikono ya watu wengine, nani alituambia kwamba mzazi wa mtoto wa miaka miwili haihitaji? Wa siku kumi angalau halambi soketi za umeme.

Sasa basi, nini kifanyike? Mimi na baba watoto tumeanza tangu niliporudi kutoka Ndungu, na nawapa kama tulivyofanya.

Kwanza, zamu iandikwe. Yetu iko kwenye mlango wa friji. Jumamosi asubuhi mpaka saa saba mchana ni yangu, Jumapili alasiri ni yake, na Jumatano jioni mmoja wetu anawahi kurudi na mwingine ana ruhusa ya kuchelewa. Kikibaki kichwani kila mtu anakumbuka cha kwake. Kikiwa mlangoni, hata mtoto wa darasa la pili anasoma na kumkumbusha baba yake.

Pili, anayeshika zamu ashike yote. Hakuna kupiga simu kuuliza soksi ziko wapi, au mtoto anakula nini. Kazi ya kukumbuka nayo ni kazi, tena ndiyo inayochosha kuliko kufua. Baba watoto alilalamika wiki mbili za mwanzo kwamba hajui vitu vilipo. Sasa anajua. Mdogo alivaa gauni nyuma mbele kwenda kwa bibi mmoja jirani na dunia haikuisha.

Tatu, mwenye zamu ya kupumzika asitoe hesabu. Akilala, alale. Akienda kutazama mpira, aende. Mimi nakaa mahali nanywa chai peke yangu ikiwa bado ya moto, na simu naiacha kwenye mkoba. Hii ya simu ni muhimu. Kulala kwenye kochi huku unapitia ujumbe wa wazazi wa darasa zima ni kazi uliyoifanya ukiwa umelala.

Nne, dada wa kazi awe kwenye ratiba, na siku yake iheshimiwe kama ya mwenye nyumba. Kwetu ni Jumapili nzima. Ndiyo, siku hiyo tunaosha vyombo wenyewe.

Tano ni kwa wasio na wa kupokezana naye. Najua mmo humu, na sitaki kuwaandikia kana kwamba kila nyumba ina watu wazima wawili. Hapa ndipo msaragambo unapotakiwa. Familia tatu za ghorofa moja au mtaa mmoja zinaweza kupeana Jumamosi. Wiki hii watoto wote wako kwangu, wiki ijayo kwa mama fulani, ya tatu kwa baba fulani. Watoto saba wakiwa pamoja wanachezeana wenyewe, kazi yako ni kuhesabu vichwa na kupika sufuria kubwa. Makande yanafaa sana hapo, na huyu ni Mpare anawaambia. Kwa kazi ya Jumamosi moja unapata Jumamosi mbili. Benki gani inatoa riba hiyo?

Najua kuna watakaosema huku ni kuifanya nyumba kama ofisi, na kwamba mapenzi hayapangwi kwa ratiba. Nawajibu kwa heshima: mkulima wa Ndungu anampenda jirani yake, wanazikana na kuozana, na bado maji wanagawana kwa saa. Ratiba ndiyo imewawezesha kuendelea kupendana. Pale ambapo hakuna zamu, mwenye shamba la juu anakunywa yote, wa chini anabaki na tope, na mapenzi yanaishia kwa mwenyekiti wa kijiji.

Na wale walio kwenye nafasi za kuamua, wakuu wa ofisi na watunga sheria, nao wana sehemu yao. Siku tatu za baba zinahitaji kuangaliwa upya. Likizo ya mwaka ya siku 28 iliyoko kwenye sheria hiyo itolewe ichukuliwe, badala ya mtu kupongezwa kwa kutokwenda likizo miaka miwili. Kwenye vyumba vya habari ninavyovijua, mtu wa namna hiyo anaitwa mchapakazi. Nyumbani kwake sijui watoto wanamwitaje.

Mwisho, ombi kwa kina mama wenzangu hasa. Tuache kuficha pumziko letu ndani ya kikoba na saluni. Kaa kibarazani bila mchele wa kuchambua. Mtu akiuliza unafanya nini, mwambie: ni zamu yangu.

Naomba kutoa hoja. Kwenu, mtoto anashikwa na nani?